Kilo Arobaini na Mbili

Lokiru alirudi Katwe kabla mwezi haujaisha,
gari limeinamisha pua kama fahali anayenusa maji.
Hakusalimu. Alipiga teke tairi la mbele:
"Zamzam, njoo uione kazi yako."

Nikaiona.
Springi zimelala chali,
shokomzoba imetema mafuta yake yote,
na bampa langu, lile la bamba la milimita nane
nililolichagua mwenyewe kwenye vyuma vya Kisenyi,
linang'aa. Halina mkwaruzo.
Halina hata mkwaruzo: hapo ndipo nilipoona haya.

Nilimuuzia kwa kilo, nakiri.
Alikuja mara ya kwanza amegonga ng'ombe njia ya Iriiri,
rejeta imepasuka, chanjo zimechemka juani,
anataka ngome.
Nami nilikuwa na karo ya mtoto mezani.
Hofu ya dereva na njaa ya fundi zikikutana,
mizani haiulizi, inasoma tu.
Nikaongeza pembe mbili za bomba nene.
Nikaongeza bamba la tumboni.
Kilo mia na kumi.
"Hata tembo," nikamwambia, "atakuomba radhi."

Tembo hakuja.
Ilikuja mvua,
na udongo mweusi wa Kotido,
ule ambao ukikauka ni tofali,
ukilowa ni ugali usioiva.
Gari jepesi lingepita likinung'unika.
Lake lilizama hadi kwenye taa.
Wakashusha makasha ya barafu, moja moja,
yeye na nesi Nakiru, wakayatwika vichwani
kilomita tisa,
na chuma changu kikabaki nyuma
kikilindwa vizuri na matope.

"Kilikuwa kinalinda nini?" aliniuliza.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na grenda.

Cheche zikaruka hadi kwa Nsubuga wa rolesi,
akafunika mayai yake kwa gazeti, akatutukana kwa adabu.
Tulipopumzika nikatazama juu:
bati la kibanda changu, jembamba kama ukucha,
linabeba mvua ya Machi mwaka wa kumi na moja
si kwa unene,
kwa mikunjo.
Miaka yote nimechomelea chini yake.

Basi milimita tatu.
Nikalikunja ukingo mara mbili,
nikalitia mbavu kwa ndani,
nikatoboa matundu pale chuma kilipokaa bure.
Nikakata ncha za pembeni ili tairi lipate kupanda mwamba.
Tumboni nikaacha kipande kimoja, chini ya sampu,
penye kidonda halisi.

Kisha mikono ya kushikia, ile ya kwenye chasisi,
nikaifanya dhaifu kusudi.
Lokiru akaruka: "Dhaifu?"
Nikampiga ngumi ya bega, mkono umenyooka.
Nikampiga tena, kiwiko kikalegea.
"Ipi imeniumiza mimi?"
Akafikiri.
Bampa lisilojua kukunjika
huipeleka ngumi ndani,
hadi kwenye chasisi, hadi kwenye mbavu zako.

Mizani ikasema arobaini na mbili.
Sitini na nane zilibaki sakafuni,
rundo baya, la bei.
Gari likainua pua taratibu
kama mtu aliyetuliwa kuni.

"Nilipe kwa kilo?" akauliza akicheka.
"Lipa," nikasema, "zile ulizoziacha."

Wala sikulala vyema.
Ng'ombe wa Iriiri hawajui hesabu zangu.
Kila mawingu yalipokusanyika upande wa mashariki
nilihisi nimemtoa mtu vitani na kifua wazi,
na mara mbili nilishika simu nimwambie arudi,
tuongeze japo bomba moja.

Alipiga yeye, Juni, usiku,
sauti yake imejaa upepo.
"Zamzam. Limekunjika."
Nikakaa kitako. "Nini kimekunjika?"
Nyuma yake nilisikia mtu akihesabu makasha,
sita, saba, nane,
sauti ya mwanamke, haina haraka.

"Bampa," akasema.
"Bampa tu."